Mtoto wa Robi

"Jina la baba?"

Mwalimu Hyasinta aliuliza bila kuinua macho. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, rejista imefunguliwa mezani, na nyuma ya Boke walikuwa wamepanga mstari kina mama wanne na baba mmoja, kila mtu na mtoto wake na mfuko wake wa nepi. Ilikuwa Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi. Saa moja na nusu Boke alitakiwa awe ameketi kwenye swichibodi ya ofisi yao kule Mukendo, akiwaambia watu habari za asubuhi, nikuunganishe na nani. Siku themanini na nne za likizo ya uzazi zilikuwa zimeisha jana yake kama sukari ya duka la ushirika, hata hujui zimeishia wapi.

Utadhani ni swali jepesi. Kwa wengine ni jepesi.

Boke alikuwa ameolewa, tena kwa ng'ombe kumi na wawili, mchana kweupe, wazee wamekaa. Lakini aliyemwoa ni mwanamke. Huku Mara tunaiita nyumba ntobhu. Mama aliyefiwa na mume, na hakujaliwa mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe zake anaoa msichana, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake, wanabeba jina la marehemu. Mwanamume aliyesaidia kuwapata hana lake. Aliyemwoa Boke ni Bibi Robi, wa kijiji kimoja jirani na Butiama, na baada ya hao kumi na wawili akauza wengine wawili ili Boke amalize kidato cha nne na kozi ya simu kule Mwanza. Nitajie mwanamume aliyekuwa tayari kufanya hivyo miaka ile ya njaa ya kila kitu. Nitajie, nakusubiri.

Basi kijijini hiyo ni heshima. Mjini ni kichekesho. Mjini watu wanakuuliza, "Sasa usiku inakuwaje?" halafu wanapigana viganja. Boke alitazama nyuma. Mama wa kwanza kwenye mstari alikuwa amevaa saa ya dhahabu na ananukia poda, na alikuwa anasikiliza.

"Kasmiri," Boke akasema.

"Kasmiri nani?"

"Kasmiri Eliasi."

Kalamu nyekundu ikaandika. Kasmiri Eliasi alikuwa dereva wa lori la pamba la kule Bunda. Bibi Robi mwenyewe ndiye aliyemkubali aje, akaja, akaelezwa mila tangu siku ya kwanza, akasema nimeelewa mama, akala ugali, na mimba ilipoonekana akaendelea na safari zake. Hakuna aliyemdai kitu na yeye hakudai kitu. Sasa alikuwa amepewa mtoto mzima kwa mstari mmoja wa wino.

"Nisikilize vizuri," Mwalimu Hyasinta akasema. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka ishirini na sita, na baada ya kustaafu akageuza sebule yake ya Kigera kuwa kituo cha kulea watoto, maana siku hizo kila kitu kilikuwa ruksa. "Mtoto anatoka hapa na mama au na baba aliyeandikwa. Shangazi, bibi, malaika Gabrieli, hapana. Mwaka juzi nilidanganywa nikamtoa mtoto kwa mjomba wa uongo, nikalala polisi siku mbili. Na jioni naitaga kwa jina la baba, kwa sababu nina Neema watatu na Baraka wanne. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Haya, nipe mtoto, nenda. Ukisimama hapo mlangoni ndiyo unamliza zaidi."

Nje, pembeni ya ua wa minyaa, Bibi Robi alikuwa amekaa juu ya kigoda chake, mkongojo umelala mapajani. Nyonga yake ilivunjika miaka miwili nyuma na haikuunga vizuri, ndipo akaacha boma akahamia mjini kwa Boke. Kukaa aliweza, kutembea aliweza kidogokidogo, lakini kuinama kumwokota mtoto hakuweza, ndiyo maana mtoto akaletwa kituoni. Kwake yeye hiyo ilikuwa aibu ya kutosha: mtoto wa nyumba yake, aliyepewa jina la marehemu mumewe Wambura, analelewa na mtu wa kulipwa! Kwa hiyo alikuja na kigoda.

"Mama, si urudi nyumbani upumzike?" Boke akamwambia.

"Napumzikia hapa. Wewe nenda kazini kwako. Mimi nipo."

*

Kazini walimpokea vizuri, kwa namna ya kazini. Mzee Enoka, afisa utumishi, alimwita ofisini kwake akamwambia akae, jambo ambalo halikuwa dalili njema.

"Mama Wambura, hongera. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Sasa. Nchi nzima inapunguza watu, unasikia kwenye redio. Na sisi tumetakiwa majina. Wengine walisema aliyekuwa likizo ndiye apunguzwe, kwa vile tumeshazoea kukaa bila yeye. Mimi nikasema hapana, yule binti anajua kazi. Ulipokuwa hupo hapa simu za kwenda Tarime zilikuwa zinafika Tabora. Nimekutetea, usije ukanitia aibu. Mwezi huu mmoja usitoke kwenye kiti kile."

"Na ile ruhusa ya kwenda kunyonyesha?"

"Ipo. Lakini mwezi huu ungeisahau kidogo."

Basi akaisahau. Maziwa hayakusahau. Saa nne tu yalianza kutoka, yakalowesha blauzi yake ya bluu mbele ya mhasibu Apolinary, ambaye alikuwa amekuja kuomba laini ya Dar. "Mama Wambura, bomba linavuja huko, tuite fundi?" akasema, na wenzake wawili waliokuwa mlangoni wakacheka. Boke akavuta kanga kwenye mkoba, akajitupia begani, akamuunganisha na Dar. Alimuunganisha vizuri, laini safi. Hakutaka mtu aseme kazi imemshinda. Kisha akaenda chooni, akayakamua maziwa ya mwanawe kwenye sinki huku akilia kwa hasira, akanawa uso, akarudi kwenye kiti.

Saa kumi na nusu jioni alifika kituoni anahema. Wazazi walikuwa wamesimama uani, na Mwalimu Hyasinta amesimama mlangoni na rejista yake kama vile anaita wanafunzi.

"Mtoto wa Pastory!"

"Hapa!" Baba mmoja akatoka mbele.

"Mtoto wa Renatus!"

Mke wa Renatus, yule wa saa ya dhahabu, akaenda.

"Mtoto wa Kasmiri!"

Boke akapita haraka, kichwa chini, akampokea mtoto. Alipogeuka alikutana na macho ya Bibi Robi. Yule bibi alikuwa ameshainuka kwenye kigoda, ameegemea mkongojo, na mdomo wake umefunguka kidogo, kwa sababu alikuwa amejiandaa kuitika.

Njiani Boke alitangulia na mtoto, Bibi Robi akafuata na mkongojo.

*

Nyumbani Boke aliweka maji ya ugali, akamnyonyesha mtoto, akasubiri. Bibi Robi hakuwa mtu wa kelele. Alikaa kitandani akiisugua nyonga yake kwa mafuta ya ng'ombe.

"Kasmiri ni nani?" akauliza mwisho.

"Mama, ile ni karatasi tu. Walitaka jina."

"Mimi sina jina?"

"Unalo."

"Nililipataga kwa baba yangu Mwita. Nimekaa nalo miaka sitini na kitu, halijanivunjikia. Ungewapa hilo."

"Mama, kulikuwa na watu. Wangenicheka."

"Ee." Bibi Robi akaongeza mafuta kiganjani. "Boke, ndama ni wa nani? Ni wa mwenye ng'ombe, au ni wa mwenye dume lililoruka ua?"

"Ni wa mwenye ng'ombe."

"Sasa mbona unaandikia watu dume?"

Boke akataka kucheka, machozi yakamwahi. Alisema kesho asubuhi atalibadilisha lile jina, neno moja tu, dakika moja. Bibi Robi akasema vema, akala ugali na dagaa, akalala.

Kesho yake mstari ulikuwa mrefu, na yule mama wa poda alikuwa nyuma yake tena. Keshokutwa alichelewa. Siku ya nne alimkuta Mwalimu anagombana na mtu wa mkaa. Ukitaka sababu utapata, sababu hazikosekani. Jioni nne mfululizo jina la Kasmiri Eliasi likaitwa kwa sauti ya mwalimu mstaafu, sauti ya kufika nyumba ya tatu, na jioni nne mfululizo Bibi Robi akageuza uso akatazama minyaa.

Kitu ambacho Boke hakukijua ni kwamba mmoja wa wale kina mama wa mstari, Pelagia wa Buhare, alikuwa dada yake Kasmiri, tumbo moja.

*

Ijumaa saa nne na dakika kumi, taa ya laini ya nje iliwaka kwenye swichibodi. Boke akachomeka waya.

"Habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?"

"Niunganishe na mama Wambura."

"Ndiye mimi."

"Mwalimu Hyasinta hapa, napiga kutoka duka la dawa. Baba wa mtoto amekuja kumchukua. Amekuja na dada yake na shali mpya, anasema anampeleka Bunda kwa wazazi wake wamwone. Mimi nimeangalia rejista, jina ni lake, na kitambulisho ni chake."

Boke hakusikia kilichofuata kwa muda. Kisha akasikia: "...na yule bibi wa kigoda amekaa kwenye mlango wangu, hatoki, na watu wanajaa. Nakupa nusu saa, mama. Zaidi ya hapo nitafuata kilichoandikwa, kwa sababu wewe mwenyewe ndiye uliyekisema."

Simu ikakatika. Taa nyingine tatu zilikuwa zinawaka. Boke alizijibu zote tatu, sijui kwa nguvu gani, kisha akavua vifaa vya masikioni, akaenda kugonga mlango wa Mzee Enoka.

"Nimekuambia usitoke kwenye kiti," Enoka akasema kabla hajafika mezani.

"Mzee, mtoto wangu anachukuliwa."

"Na nani?"

"Na mwanamume aliyemzaa."

Enoka akaweka kalamu chini. "Baba yake?"

Hapo ndipo Boke aliposimama njia panda. Angeweza kusema ndiyo, ni ugomvi wa mume na mke, na Enoka angesema mambo ya nyumbani yasubiri jioni. Mhasibu Apolinary alikuwa palepale, amekuja kusainisha karatasi zake.

"Si baba yake," akasema. "Mimi nimeolewa na mwanamke. Nimeolewa nyumba ntobhu na mama mmoja anaitwa Robi, na mtoto ni wa nyumba yake. Nilidanganya kule kituoni kwa sababu ya aibu, nikaandikisha yule mwanamume."

Apolinary alifungua mdomo. Enoka akamtazama, mdomo ukafungwa.

"Robi yupi? Mke wa marehemu Wambura, aliyekuwaga na boma pale karibu na Butiama?"

"Huyo huyo."

"Alikutolea ngapi?"

"Kumi na wawili. Na wawili wa shule."

"Kumi na nne!" Enoka akavua miwani. Alikuwa mtu wa huku, na mtu wa huku akisikia idadi kama hiyo moyo wake unasimama wima. "Ng'ombe kumi na nne, halafu unasimama hapa unaniomba ruhusa kwa sauti ndogo namna hiyo? Nenda. Swichibodi nitakaa mimi."

"Wewe mzee?"

"Ni waya, si nyoka. Nenda!"

*

Kutoka Mukendo hadi Kigera Boke alikimbia, viatu amevishika mkononi. Watu walimpisha. Mama mmoja wa nyanya akamwuliza, "Kuna msiba?" akajibu, "Bado!" bila kusimama.

Alikuta watu kama thelathini wamejaa uani kwa Mwalimu Hyasinta. Kasmiri alikuwa amesimama hatua mbili kutoka mlangoni, ameshika shali ya njano iliyokunjwa vizuri, shati limelowa jasho. Dada yake Pelagia alikuwa kando yake. Na mlangoni, juu ya kigoda, alikuwa Bibi Robi. Alikuwa amekaa kwa ubavu, mgongo kwenye mwimo mmoja, na ule mguu wenye nyonga mbovu ameunyoosha hadi mwimo wa pili. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kilichouziba ni mguu wa bibi kizee, mwembamba kama mwiko.

"Mama, nakuomba, toa mguu," Kasmiri alikuwa anasema, na ilionekana ameshasema mara nyingi.

"Nimekuambia ruka."

"Nitarukaje mama?"

"Kama ulivyoruka ua. Wewe una karatasi, mimi sina karatasi, mimi nina mguu. Ruka upite."

Watu wakaguna. Huku kwetu mtu haruki miguu ya mzee, hata mtoto wa miaka minne anajua. Afadhali umtukane, tusi linaombewa msamaha. Kumruka mwanamke wa umri wa mama yako, mchana, watu wanaona, hakuna mwanamume wa huku atakayekuona mtu tena. Kasmiri angeweza kuendesha lori kupita mto Rubana umejaa, lakini futi moja ile ilimshinda. Alikuwa amesimama pale juani tangu kabla ya saa nne.

Boke akasogea, watu wakamwachia njia. Alifika mpaka kwenye mguu ule akasimama. Mtoto alikuwa analia ndani, na maziwa yalishaanza kutoka.

Bibi Robi hakuuondoa mguu. Akainua macho.

"Na wewe unataka kuingia?"

"Ndiyo, mama."

"Unaingia kama nani?"

Watu wakasogea karibu. Yule mke wa Renatus alikuwepo, sijui nani alimwita, saa yake ya dhahabu inang'aa. Pelagia alikuwa anatabasamu upande mmoja. Boke alihisi miguu mitupu kwenye mchanga wa moto, akaona viatu bado viko mkononi, akaviweka chini, akapiga goti moja kama alivyopiga siku ile ng'ombe walipohesabiwa kwa baba yake.

"Naingia kama mke wako," akasema. Kisha akarudia kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu: "Mimi ni mke wa Robi Mwita! Na mtoto aliyeko humo ndani ni wa nyumba yake!"

Kuna waliocheka, nisidanganye. Lakini kicheko chenyewe kilikosa mtu wa kukipokea, kikafa. Bibi Robi akaushika mguu wake kwa mikono miwili, chini ya goti, akaukunja polepole huku ameuma meno. Boke akapita. Bibi Robi akaunyoosha tena palepale.

Boke alirudi na mtoto kifuani, ameshaanza kumnyonyesha. Aliketi kwenye kizingiti, nyuma ya mguu.

"Sawa," Kasmiri akasema. Alihamisha shali mkono wa pili. "Hayo ni ya kijijini. Hapa ni mjini, mjini kuna maandishi. Nani aliandika jina langu? Mimi nilikuja hapa kuandika?"

"Hilo ni swali la haki," Mwalimu Hyasinta akasema. Akaja na rejista yake hadi mlangoni. "Boke, nani alinitajia jina hili?"

"Mimi, Mwalimu."

"Ulidanganya rejista yangu?"

"Nilidanganya. Niliogopa kuchekwa."

"Mimi ni Mkristo," Mwalimu akasema, akawatazama watu wote kana kwamba wao ndio waliobisha. "Mambo ya mama kuoa binti kwa ng'ombe siyakubali, na Jumapili nitaendelea kutoyakubali. Lakini hapa siendeshi misa, naendesha kituo. Kasmiri, siku mtoto anazaliwa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa safari. Shinyanga."

"Nani alikuwa hospitali?"

"Mimi," Bibi Robi akasema. "Siku tatu. Nililala kwenye sakafu, na hii nyonga."

"Kliniki nani alipeleka?"

"Tulienda wote wawili, mimi na mke wangu."

"Kasmiri, jina lake unalijua? Mtoto, siyo mama. Mtoto anaitwa nani?"

Kasmiri akamtazama dada yake. Pelagia akatazama chini.

"Kitanda hakizai haramu!" mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Mtoto ana kwao, jamani, mwacheni!"

Ungetegemea Kasmiri afoke, maana madereva wa pamba ni watu wa kufoka. Hakufoka. Aliitazama ile shali.

"Nina mabinti wanne," akasema, na sasa alikuwa anaongea na Bibi Robi peke yake. "Nawapenda, sikatai. Dada alikuja akaniambia kule mjini wanaita, mtoto wa Kasmiri, mtoto wa Kasmiri, kila jioni, tena mtoto wa kiume. Nikasikia vizuri, mama. Nikasema basi ngoja niende. Ni hivyo tu."

Bibi Robi akaulaza mkongojo mapajani.

"Najua," akasema. "Kulisikia linaitwa, najua. Mimi nimengoja miaka thelathini, na wiki hii nimekaa kwenye kigoda hapa nikasikia linaitwa la kwako." Akaukunja mguu wake, sasa bila kuombwa. "Hukunikosea wewe. Aliyekosea ameshasema. Ukitaka kumsalimu, njoo nyumbani kwangu kama mgeni, utakunywa uji, utamwona, utaondoka. Wewe si adui. Ila baba yake si wewe."

Mlango ulikuwa wazi na mguu haukuwepo. Kasmiri hakupita. Aliinama, akaiweka ile shali ya njano juu ya mapaja ya Bibi Robi, karibu na mkongojo, akamwambia dada yake twende.

Mwalimu Hyasinta alikuwa bado amesimama na kalamu.

"Rejista yangu haifutwi," akasema. "Tunapiga mstari mmoja, tunaandika upya juu yake." Akapiga mstari. "Haya. Jina la baba?"

"Robi Mwita," Boke akasema.

"Atie sahihi."

"Sijasoma," Bibi Robi akasema. "Nilisomeshaga huyu."

Mwalimu akaenda kuleta kidau cha wino.

*

Ofisini Boke alirudi saa sita kasorobo. Mzee Enoka alikuwa kwenye swichibodi, tai imelegea, waya zimemzunguka mikono yote miwili. Alikuwa amemuunganisha mkurugenzi na bucha.

"Umempata?"

"Nimempata, mzee."

"Basi kaa hapa haraka, unitoe. Na ile ruhusa yako ya kunyonyesha, uichukue. Kila siku. Nitaandika mwenyewe, na atakayeuliza aje akae hapa kwa saa mbili." Alipofika mlangoni akageuka. "Kumi na nne!" akasema, akaondoka anatikisa kichwa.

Mhasibu Apolinary alikuja kuomba laini ya Dar saa nane. Alisema, "Samahani, mama Wambura, ukipata nafasi." Ile ya bomba hakuirudia.

Saa kumi na nusu jioni Boke alifika kituoni. Ua ulikuwa umejaa kuliko siku zote, hata watu wasio na watoto walikuwa wamekuja, mji huu haukosi wa kutazama. Bibi Robi hakuwa kwenye kigoda. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa wazazi, kati ya Pastory na mke wa Renatus, kitambaa kipya kichwani, shali ya njano imekunjwa begani, dole gumba bado jeusi kwa wino. Boke akaenda kusimama karibu naye. Mke wa Renatus akajisogeza kidogo, akawapa nafasi.

Mwalimu Hyasinta alitoka na rejista.

"Mtoto wa Pastory!"

Pastory akaenda.

"Mtoto wa Renatus!"

Mke wa Renatus akaenda.

Mwalimu akafunua ukurasa, akasogeza miwani.

"Mtoto wa Robi!"

Shingo zote zikageuka. Bibi Robi hakutikisika. Alikuwa ameshika mkongojo kwa mikono miwili, anatazama mbele, kidevu juu. Msaidizi alikuwa mlangoni na mtoto Wambura mkononi, anangoja. Mwalimu akainua macho kutoka kwenye rejista.

"Mama," Boke akamnong'oneza, akamgusa kiwiko. "Unaitwa."

"Nimesikia," Bibi Robi akasema. "Mwache aite tena."